Bibi alinishinda bolingi: miaka yangu na gemu za kutikisa mkono

Nianze na jambo linalonitia aibu: rekodi ya bolingi nyumbani kwetu si yangu, ni ya bibi. Aliiweka akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, khanga begani, magoti yanamuuma, rimoti ya Wii (mashine ya gemu ya Nintendo) kaishika kama mwiko. Mimi siku ile nilisimama, nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikapiga hatua tatu na kuchuchumaa kama wachezaji wa kweli. Nikaangusha pini sita. Yeye akazungusha mkono mara moja, mpira ukapinda kama una macho, zikalala zote kumi.

"Nshamaliza?" akauliza. Hakujua hata kama ameshinda.

Wii hiyo aliileta ami kutoka Muscat mwaka 2009, sanduku moja na tende na makopo ya maziwa ya unga. Tunakaa flati za Michenzani, Unguja, ghorofa ya tatu (ikumbukeni hiyo ghorofa, itakuja kunisumbua mbele). Mtaani kwetu gemu ilikuwa PS, yaani PlayStation, na PS ilikuwa mpira, na mpaka leo mambo ni hayo hayo. Vijana wa maskani walipopanda kuja kuiona, swali la kwanza lilikuwa pedi iko wapi. Nilipowaonyesha rimoti nyeupe wakacheka, wakasema hii si ya kubadilishia chaneli? Nimecheza gemu za kutikisa mkono tangu siku ile, na bado nachekwa. Sasa nina miaka thelathini na ushei na kazi yangu ni fundi simu pale Darajani, kwa hiyo naomba nisikilizwe japo mara moja.

Ndani ya rimoti ya Wii mna kidude kiitwacho akselerometa, ndugu wa kile kinachogeuza skrini ya simu yako unapoilaza. Kinahisi kutikiswa na kuinamishwa, basi. Mkono wako uko wapi hewani, hakijui. Ndiyo maana bibi aliyekaa na mimi niliyeruka tulikuwa sawa mbele yake. Kilichohesabiwa ni kifundo cha mkono. Na kifundo cha bibi kimekuna nazi kwenye mbuzi zaidi ya miaka hamsini. Kila akirusha, mkono unajipinda wenyewe mwishoni, na gemu ikasoma ule mpindo kuwa ni ufundi wa kuzungusha mpira. Hakuna aliyemfundisha. Nilichomwonyesha ni kitufe cha chini tu: kibane, rusha, achia.

Kwenye pua ya rimoti mna kioo cheusi, na nyuma yake kamera inayoona mwanga wa infraredi. Ule upau mwembamba unaowekwa juu ya televisheni, unaoitwa wa kuhisi, wala hauhisi kitu. Una taa za infraredi kila pembe, ndiyo kazi yake yote. Nililigundua hili mwaka panya alipoukata waya wake. Nikasoma kwamba mishumaa miwili inatosha, nikaiwasha kushoto na kulia kwa TV, kidole cha kwenye skrini, kile kinachoonyesha rimoti inakoelekea, kikarudi kama kawaida. Kila nyumba Michenzani huwasha mishumaa umeme ukikatika. Sisi tukawa tunawasha umeme ukirudi. Shida ilikuwa alasiri tu, jua likiingia dirishani kidole kinaweweseka, mpaka ufunge pazia.

Basi Wii Sports. Michezo mitano: tenisi, besiboli, bolingi, gofu na ndondi. Bolingi ndiyo mfalme na sibishani na mtu. Tenisi ni nzuri wiki ya kwanza, halafu unagundua kwamba wachezaji wanakimbia wenyewe, wewe kazi yako ni kupatia muda, na ukishagundua hilo unaicheza umelala mkekani. Gofu inataka subira, mimi sina. Ndondi siipendekezi kwa mtu yeyote. Ngumi za kweli ni nyingi na za haraka kuliko kidude kinavyoweza kuzifuata, na mdogo wangu wa kike alikuwa ananipiga raundi ya kwanza kwa kupeta tu, kama anayepeta mchele.

Na fungeni kamba ya mkononi. Hata mwezi haukutimia tangu Wii itoke Marekani Novemba 2006, Nintendo walishaanza kubadilishia watu kamba kwa nyingine nene zaidi, na mwaka uliofuata wakaongeza gamba la mpira la kuivika rimoti. Sisi gamba tulikuwa nalo. Binamu yangu wa Pemba aliona kamba ni mambo ya watoto, akarusha mpira wa bolingi na rimoti yake, ikaingia kabati la vyombo. Kikombe kimoja cha seti ya harusi ya mama. Mpaka leo akija kututembelea anapewa chai kwenye bilauri.

Sasa niseme ninachokiamini. Kuna gemu zinazokwambia *fanya*, na kuna gemu zinazokwambia *tikisa*. Za kwanza nazipenda, za pili zimewapa jina baya wenzake. Donkey Kong Country Returns ya 2010 ni gemu tamu kabisa, muziki mtamu, picha tamu, halafu mtu akaamua kwamba kubiringika ni kutikisa rimoti, kupiga ardhi ni kutikisa, na kupuliza ni kutikisa vilevile ukiwa umeinama. Unakimbia kuelekea shimo, unatikisa ili ubiringike, sokwe anasimama kupuliza ua. Yale yote yangekuwa kitufe kimoja, na ilipohamishiwa 3DS, mashine ndogo ya Nintendo ya kushika mkononi, mwaka 2013 kweli yakawa vitufe. Hapo mkono haukuwa na maana yoyote, ulikuwa kitufe kilichochelewa.

Mtu ataniuliza, mbona Super Mario Galaxy nayo unatikisa ili Mario azunguke na hujalalamika? Kwa sababu yule hachagui. Mtikise unavyotaka, atazunguka tu, na kuzunguka hakumwui. Halafu mkono huohuo unanyoosha kidole kwenye skrini kuokota vipande vya nyota, na mtu wa pili anaweza kushika rimoti nyingine akakusaidia kuokota. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mdogo wangu, na alikuwa anadai mshahara. Mpaka sasa sijaona gemu ya kuruka iliyonifurahisha kuliko ile ya 2007.

Lakini gemu niliyotaka hasa kuitaja leo, maana haitajwi, ni Pro Evolution Soccer 2008 ya Wii. Watu wa PS, njooni karibu. Mnaijua Pro Evolution yenu: unamshika mchezaji mmoja mwenye mpira, tisa waliobaki na kipa wanafanya yao. Kwenye Wii waliigeuza juu chini. Unanyoosha rimoti uwanjani kama kocha mwenye fimbo. Mwenye mpira unamvuta kuelekea unakotaka, na ukitaka winga akimbie unamkamata yeye, unamchorea njia, unamwachia, anakwenda. Huku winga anakimbia unamvuta beki wa pembeni apande. Pasi unaipeleka mahali patupu, si lazima kwa mtu. Kupiga golini ni kutikisa Nunchuk, kile kipande cha pili kinachoungwa na rimoti kwa waya, cha mkono wa kushoto. Siku tatu za mwanzo nilifungwa na kompyuta hadi nikataka kulia. Siku ya nne nikafunga goli ambalo wachezaji wanne walikuwa wanakimbia njia nilizowachorea mimi, na nikaelewa kwamba miaka yote nilikuwa nacheza mpira nikiwa nimefumba macho.

Nilimwita kijana mmoja wa maskani, bingwa wa kibanda cha PS, nikamwambia kaa. Akafungwa sita bila. Akasema TV ina tatizo.

Mwaka 2009 ilitoka nyongeza ya MotionPlus, kipande cha kuchomeka chini ya rimoti chenye jairoskopu, kidude kinachohisi mzunguko. Hapo ndipo rimoti ilipoanza kuujua mkono. Wii Sports Resort ilikuja nayo, na mchezo wake wa upinde bado unanisisimua: rimoti unaisimamisha kwa mkono mmoja, kwa mwingine unavuta nyuma, unatulia, unashusha pumzi, unaachia. Ukitetemeka, mshale unatetemeka. Mwaka 2011 ikafuata The Legend of Zelda: Skyward Sword, ambamo upanga unakwenda upande uleule unaokata. Mmea wa Deku Baba ukifungua mdomo kwa kulala, unakata kwa kulaza; ukiufungua kwa kusimama, unakata kutoka juu. Wengi waliichoka, na kweli kila mara inabidi uiweke sawa. Lakini kwa mara ya kwanza adui alikuwa anautazama mkono *wangu*. Nilikuwa namdanganya kwa bega.

Ushauri wa fundi hapa katikati: ukinunua Wii ya mtumba, tazama adapta kabla ya kitu kingine. Ya Kimarekani imeandikwa volti 120. Muuzaji mmoja alimhakikishia rafiki yangu kwamba haina neno. Tulisikia mlio mdogo, kisha harufu. Na hata ukipata adapta nyingine, diski za Ulaya haziingiliani na mashine ya Marekani.

Kinect ya Xbox nitaipitia haraka. Hiyo haina hata rimoti, kamera inakuona mwili mzima. Iliuzwa milioni nane katika siku 60 za mwanzo, mwishoni mwa 2010, kwa hiyo wapo walioifaidi. Inataka usimame kama mita mbili mbele yake na pasiwe na kitu katikati. Sebule ya flati ya Michenzani ina seti ya makochi, meza ya vioo, na bibi. Tumemaliza.

Sasa Switch, mashine nyingine ya Nintendo, ambayo niliinunua mtumba mwaka 2021 kwa pesa ya kioo cha simu baada ya kioo cha simu. Humo ndimo kutikisa kulikokua, kukaacha kelele. Kwenye Breath of the Wild, gemu nyingine ya Zelda, unavuta upinde, unasogeza alama kwa stiki mpaka karibu na shabaha, kisha unamalizia kwa kuinamisha mikono kidogo tu, kama unamwaga chai bila kumwaga nyingine. Aliyekaa pembeni haoni hata kama umesogea. Splatoon 2 ndiyo shule yake hasa: bunduki za rangi, mkono unalenga, stiki inageuza. Nilianza kwa kuuzima huo mfumo, kama kila mtu aliyekulia PS. Rafiki akaniambia vumilia siku mbili. Nikavumilia, na sasa gemu ya kulenga isiyo na jairo naiona kama kula wali kwa uma.

Breath of the Wild pia ina lile hekalu la Myahm Agana, la kuinamisha ubao ili kipira kipite kwenye vichochoro mpaka kitoke. Nilihangaika nusu saa, nimesimama, viwiko juu. Kisha nikaupindua ubao mzima chali. Nyuma ni tambarare, hauna vichochoro. Nikakidaka kipira na kukirusha shimoni. Sijui kama waliotengeneza walikusudia, ila mwili wangu ndio uliofikiri hapo, kichwa kilikuwa kimeshakata tamaa.

Ring Fit Adventure nayo imo kabatini. Unashika pete unayoibana kwa mikono, kipande kingine cha pedi kinafungwa pajani, unakimbia palepale ulipo na kupigana na majoka kwa kuchuchumaa. Ni mazoezi ya kweli, na kwa joto la Machi la hapa Unguja niwaambie, hamhitaji kiwango cha juu. Hapa ndipo ghorofa ya tatu ilipoingia. Siku ya pili mama wa chini akapanda. "Mwanangu, mnatwanga nini usiku wote huu?" Nikaomba radhi, na kumbe gemu yenyewe ina namna ya kimya ambayo badala ya kukimbia unakunja magoti taratibu. Kunja magoti dakika kumi kisha uniambie kama kukimbia hakukuwa raha.

Wenye Mario Kart 8 Deluxe: watoto wakikwambia gari linavuta upande, uendeshaji wa kuinamisha umewashwa. Pale unapochagua gari, bonyeza alama ya kujumlisha, uzime. Na nyie wa PS4, pedi mnayoishika kila siku ina jairoskopu ndani tangu 2013. Nilipomwambia bingwa wetu wa kibanda hakuamini, nikaifungua moja mezani kwangu nikamwonyesha. Wenye Xbox poleni, pedi yenu haina.

Mwaka juzi nikachukua Nintendo Switch Sports, ile ya 2022, nikidhani nitamfurahisha bibi. Picha nzuri, bolingi imo. Nikamfunga kamba mkononi, nikampa. Akakigeuza kile kipande kidogo, akakipima kwa kidole gumba, akanitazama.

"Hiki ndo nini? Kibiriti?"

"Rimoti mpya, bibi. Ndogo ila ina nguvu."

Akarusha mara mbili. Pini nane, pini tisa. Akakiweka mapajani na kukisukuma kwangu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kisichomkaa.

"Nipe ile yangu."

Nikafunga pazia, nikatoa mishumaa miwili, nikaanza kutafuta kiberiti.