Tahadhari kwa wanachuo: jihadharini na anayekodi laini na kadi za benki

Ndugu wanachuo, hasa mlioanza mwaka wa kwanza, kuna kijana anayezunguka katika hosteli za nje ya chuo na katika makundi ya WhatsApp ya wachezaji, akiuza sarafu za eFootball, ule mchezo wa mpira wa kwenye simu, kwa bei nafuu mno. Mara ya kwanza sarafu huzitoa kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu aliyekwisha kumwamini huletewa ombi la pili: amkodishe laini iliyosajiliwa kwa jina lake, au kadi ya benki pamoja na namba ya siri, kwa madai kwamba akaunti ya biashara imefikia kikomo cha miamala.

Fedha zinazopita humo ni za watu waliotapeliwa kwa ujumbe wa "tuma kwenye namba hii". Kwa kuwa laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, polisi wanapoufuatilia muamala hulikuta jina la mwanafunzi, ilhali mhusika ameshatoa fedha kwa wakala na kuitupa laini. Mwenzetu mmoja ameitwa kituoni katikati ya mitihani, na akaunti yake imezuiwa, ikiwa ndiyo hiyo hiyo inayopokea bumu, yaani ile shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo. Inauma zaidi kwamba kijana huyu huja katika wiki zile bumu linapochelewa, akijua fika kwamba mtu mwenye njaa haulizi maswali mengi.

Hata ambaye hajakodisha chochote apige *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwani wapo wasajili wanaokuambia kidole hakikusoma, ukibonyeza tena wanasajili laini nyingine usiyoijua.

Aliyekwisha kukabidhi kadi aende tawini leo aifunge, kisha aende katika duka la mtandao wake akaifunge laini, na namba ya tapeli aitume kwa ujumbe kwenda 15040. Mazungumzo yote mliyoandikiana naye msiyafute, hata kama yanawatia aibu, kwa sababu polisi watahitaji kuona ni nani aliyeiomba laini, lini, na kwa maelezo gani.