Biblia Habari Njema: nimeisoma kwa sauti Arua kwa miezi saba

Nimeitumia Biblia Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, kwa miezi saba katika kikundi chetu cha sala hapa Arua, Uganda, na ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaowasomea Neno watu ambao Kiswahili walikipata sokoni, kambini au mpakani mwa Kongo, wala si darasani. Niliinunua Kampala kwa shilingi 45,000.

Kilichonifanya niiamini ni Mathayo 12:34. Tafsiri ya Union, ile Biblia ya Kiswahili ya zamani zaidi ambayo nimelelewa nayo, husema, “kinywa cha mtu huyanena yaujazayo moyo wake”, na kila nilipofika hapo nililazimika kusimama ili nilifafanue hilo “yaujazayo”. Habari Njema husema kwamba mtu husema “kutokana na yale yaliyojaa moyoni”. Siku nilipousoma hivyo kwa mara ya kwanza, mama mmoja muuza mihogo, ambaye kwa kawaida hukaa kimya karibu na mlango, aliinua uso akasema, “Mwalimu, ndiyo maana hasira yangu haifichiki.” Sikuwa nimeeleza lolote.

Mstari huohuo ndio Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, alioutolea mfano mwaka 1530, alipowajibu waliokilaumu Kijerumani cha tafsiri yake. Agano Jipya alilolitafsiri akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg lilikuwa limetoka Septemba 1522, na Biblia nzima ingefuata mwaka 1534. Neno kwa neno, Biblia ya Kilatini ilisema kwamba kinywa hunena kutokana na wingi wa moyo. Luther akauliza ni Mjerumani gani azungumzaye hivyo, akashauri mfasiri amsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, kisha akaandika kwamba moyo ukijaa, kinywa hufurika. Nilipomsikia yule mama nilielewa kwa nini jambo hilo lilistahili kupiganiwa.

Uganda nayo ina urithi wake: Biblia nzima ya Kiganda, kazi ya George Pilkington pamoja na Waganda kama Henry Wright Duta, ilitoka mwaka 1896, na toleo moja lilichapwa nene na jembamba ili litoshe ndani ya bati la biskuti, lisiliwe na mchwa.

Kwenye Zaburi, hata hivyo, siridhiki. “Bwana ndiye mchungaji wangu” imekuwa “Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu”. Maana ipo, lakini lile “ndiye”, linalomtenga Mungu na wachungaji wengine wote, limeondoka, nalo ndilo wafiwa hulishika wanaposimama kaburini. Kwa hiyo mazishini bado ninasoma Union. Injili na nyaraka za Paulo ninazisoma katika Habari Njema bila kusita, hasa Warumi, ambako sentensi ndefu zimekatwa mahali ambapo msomaji angevuta pumzi.

Yule mama ameniomba nimletee nakala yake nitakapokwenda tena Kampala, na ameshaniachia shilingi 20,000 za kuanzia.