Lenzi za jicho za darubini kwa anayeishi pwani: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, na zote zikae wapi

Barua nilizopokea baada ya masika zilikuwa na lalamiko moja, ingawa waandishi wake hawajuani: mmoja yuko Tanga, mwingine Mombasa, mwingine Unguja. Kila mmoja alikuwa amenunua lenzi nzuri za jicho, yaani zile ndogo za kubadilishwa ambazo mtazamaji huweka jicho lake hapo, kwa ajili ya darubini yake, akazipanga katika sanduku la alumini lenye sponji kama muuzaji alivyomshauri, akalifunga mawingu ya mvua yalipotanda, na alipolifungua mwezi wa sita akakuta ndani ya vioo nyuzi nyembamba zilizotambaa mfano wa utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Haifutiki kwa kitambaa kwa sababu iko upande wa ndani, na ikiachwa hutoa asidi inayokula mipako ya kioo, kiasi kwamba hata fundi akiiondoa, alama yake hubaki.

Miongozo tunayoisoma kuhusu lenzi hizi imeandikwa na watu wa Arizona au wa Bavaria, ambao hofu yao kubwa ni kama nyota za pembezoni mwa picha zitaonekana kama vitone au kama vistari. Hilo nalo lina maana, nami nitaligusa kidogo. Lakini kwa mtu anayeishi mahali ambapo chumvi ya mezani hulowa ikiachwa wazi, swali la kwanza ni hewa yenye unyevu inaingiaje ndani ya lenzi, na ikishaingia inatokaje. Kwa swali hilo ndivyo nilivyopanga daraja zangu, na asiyeafikiana nami namwomba asubiri masika mawili kabla ya kunijibu.

Hesabu za msingi nitazipitia upesi. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana) ukigawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini ya Dobson, yaani ya kioo kinachoakisi iliyokalishwa juu ya kitako rahisi cha kuzungusha kwa mkono, yenye kioo cha kipenyo cha milimita 200 na fokasi ya milimita 1200, ambayo ndiyo ninayowashauri wengi waanze nayo, ikiwekewa lenzi ya milimita 24 hukuza mara 50, ikiwekewa ya milimita 11 hukuza takriban mara 109, na ya milimita 6.7 takriban mara 179. Lenzi tatu za namna hiyo zinatosha. Ya kwanza ni ya kutafutia na ya kutazamia vitu vipana kama vile eneo la wingu la angani linaloizunguka nyota Eta Carinae, ya pili ni ya makundi ya nyota kama Omega Centauri, ambayo kwetu hupanda juu vizuri kuliko Ulaya ambako kwingi haichomozi kabisa, na ya tatu ni ya Mshtarii na Zohali, sayari ambazo katika latitudo zetu hupita juu sana, mbali na hewa nzito ya upeo. Anayekuambia kwamba unahitaji lenzi nane anakuuzia lenzi nane.

Nafasi ya kwanza naipa kampuni ya Explore Scientific, wala sifichi kwamba naipendelea. Lenzi zake za digrii 52, 68 na 82 (digrii hizo ni upana wa uwanja ambao jicho huuona) huzibwa na kujazwa gesi kavu ya argoni, hivyo hewa ya Kigamboni au ya Nyali haina njia ya kufika kwenye vioo vya ndani. Kuvu ikiota, itaota kwenye uso wa nje tu, mahali ambapo mkono wako unafika. Sifa hii kampuni yenyewe huinadi kama kinga ya umande na ukungu wa usiku wa baridi, na wachambuzi wengi huitaja kwa nusu sentensi kisha wakaendelea na mambo ya rangi na mwangaza, ilhali kwetu ndiyo sababu ya kuinunua. Seti yangu ya mapendekezo hutoka humo: milimita 24 ya digrii 68, kisha milimita 11 na 6.7 za digrii 82. Hiyo ya milimita 24 ina shingo (mrija unaoingia kwenye darubini) ya inchi 1.25, nayo huonyesha karibu eneo lote la anga linaloweza kupita katika shingo ya ukubwa huo. Katika Dobson niliyoitaja utaona takriban digrii 1.36 za anga, yaani upana unaozidi miezi mipevu miwili iliyopangwa sambamba.

Kasoro zake zipo. Ya milimita 30 ya digrii 82 ina uzito wa karibu kilo nzima na huiinamisha darubini nyepesi puani, kwa hiyo sishauri mtu yeyote aanze nayo. Zile fupi za digrii 82 hulilazimisha jicho kusogea karibu na kioo, na mwenye miwani ya astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) atapoteza sehemu ya picha. Tena, kwa kuwa zimezibwa, hazifunguliwi nyumbani. Ikitokea imeanguka na muhuri ukapasuka, uzuri wake wote umekwisha.

Kwa wavaa miwani, nafasi ya pili ndiyo yao ya kwanza: Pentax XW. Hizi zina uwanja wa digrii 70, na jicho linaweza kukaa milimita 20 kutoka kwenye kioo bila kupoteza pembezoni. Nazo zimetengenezwa kustahimili maji yanayorushwa, ingawa si ya kuzamishwa. Umbali huo wa jicho una faida nyingine ambayo sijaona ikitajwa mara nyingi. Kope zinapogusa kioo huacha mafuta, jasho la uso huongeza chumvi, na pumzi huongeza maji. Vitu hivyo vitatu ndivyo kuvu inavyovihitaji ili ianze upande wa nje. Lenzi ambayo jicho haliigusi hubaki safi kwa muda mrefu zaidi. Tatizo la Pentax ni bei tu, maana lenzi moja inaweza kuzidi bei ya darubini ndogo nzima, na sitamlaumu atakayeishia kwenye lenzi moja ya milimita 7 au 10 akajaza pengo kwa za kampuni nyingine.

Nafasi ya tatu nimewapa Tele Vue, na najua barua zitakazokuja. Al Nagler, aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1977 baada ya kushiriki kubuni vifaa vya kuigiza kutua mwezini kwa ajili ya mazoezi ya wanaanga wa Apollo, ndiye aliyewafundisha watazamaji wote kwamba uwanja wa digrii 82 unaweza kuwa safi hadi ukingoni. Panoptic yake ya milimita 24 na DeLite zake za digrii 62 ni kazi ya mikono ya watu wanaojua wanachokifanya. Ningekuwa naishi Dodoma au Nanyuki ningeziweka juu ya nyingine zote bila kusita. Hata hivyo hazikuzibwa kwa gesi, na kulipa bei ile ili kuilinda lenzi kama mtoto mchanga kila masika ni mzigo ambao mtu anapaswa kuujua kabla hajaubeba. Anayeishi pwani na kuzitaka asizinunue kabla ya kutengeneza mahali pa kuzihifadhi, jambo nitakaloeleza hapa chini.

Lenzi za zumu (moja inayobadilishwa ukuzaji kwa kuizungusha), kama vile Hyperion ya Baader ya milimita 8 hadi 24, huvutia kwa sababu moja hufanya kazi ya nne. Mimi naziogopa. Chochote chenye vioo vinavyosogea ndani ya mrija huvuta hewa na kuisukuma kila kinapozungushwa, na hewa ya usiku ufukweni ina maji mengi. Aidha uwanja wake hubana pale unapouhitaji uwe mpana, yaani kwenye milimita 24.

Plössl za bei nafuu, lenzi za muundo wa zamani, hazina mengi ya kusemwa. Ya milimita 32 au 25 inafaa. Ya milimita 10 kwenda chini haifai, kwa kuwa umbali wa jicho wa Plössl ni takriban asilimia 70 ya fokasi yake, na hapo unatazama kwa kope. Jambo moja la kuzisifu ni kwamba zina vioo vinne tu na pete moja ya kufungulia, hivyo mwenye subira anaweza kuzisafisha mwenyewe. Zile za Svbony za digrii 66 zenye ukanda wa dhahabu ni afadhali kuliko kitu unachopewa bure ndani ya boksi la darubini, na hapo nimemaliza.

Kisichofaa kwa bei yoyote ni ile seti iliyomo ndani ya sanduku la alumini: Plössl tano, lenzi ya Barlow (ya kuongeza ukuzaji), na vichujio vya rangi ambavyo hakuna anayevitumia baada ya wiki ya kwanza. Unalipia vitu kumi ili upate viwili, na sanduku lenyewe ndilo shamba la kuvu. Sponji hunywa unyevu wakati wa mvua na kuushikilia, sanduku halizibi kiasi cha kuizuia hewa ya nje wala halipitishi hewa kiasi cha kukauka, na baada ya miaka michache sponji hiyo huanza kumeguka na vumbi lake kuingia kwenye shingo za lenzi. Mifuko ya ngozi ni mibaya zaidi, kwani ngozi yenyewe huota kuvu.

Kinachofaa kinapatikana katika duka lolote la vyombo vya jikoni: kontena la plastiki lenye mpira kuzunguka mfuniko mzima na vibano pande zote nne. Tia ndani chembe za silika za rangi ya chungwa, ambazo hunyonya unyevu, zilizofungwa katika mfuko wa kitambaa ili vumbi lake lisitawanyike, pamoja na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Katika Dar es Salaam hewa ya chumbani huzidi asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kuvu hustawi kuanzia hapo. Ukishuka chini ya asilimia 30, grisi ya sehemu zinazozunguka inaweza kukauka. Silika ikibadilika rangi, itandaze kwenye sufuria ambayo haitumiki kwa chakula na uipashe moto mdogo wa karibu nyuzi joto 120 za Selsiasi hadi rangi irudi. Iache ile ya buluu inayogeuka waridi, kwa kuwa rangi hiyo hutokana na kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Na mchele, tafadhali, ubaki jikoni. Haukaushi kitu cha maana, huacha unga kwenye kioo, na unga ni chakula cha kuvu.

Lenzi zinapotoka kwenye utazamaji zikiwa na umande, zisifunikwe. Ziache wazi ndani ya kontena lenye silika usiku kucha, kisha zifunikwe kesho yake. Wanaolala na kiyoyozi wana tatizo la kinyume: lenzi iliyopoa chumbani ikitolewa ghafla barazani hulowa papo hapo, na maji hayo huingia hadi kwenye nyuzi za skrubu. Litoe kontena likiwa limefungwa, likae nje nusu saa, ndipo ulifungue. Kwa kusafisha, puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia ili mchanga uondoke, halafu tumia karatasi ya lenzi yenye tone la pombe ya isopropili. Ncha ya kanga, hata iwe imefuliwa mara mia, ina vumbi la kutosha kukwaruza mipako.

Sasa wauzaji. Picha wanazoweka huionyesha lenzi kwa ubavu, ikiwa na jina linalong'aa, wala si kioo kilichomulikwa tochi kwa upande, ambayo ndiyo picha pekee inayoonyesha nyuzi za kuvu. Nilimwomba muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika anipigie picha hiyo, akaniuliza kama nataka kununua au kufanya uchunguzi. Idaini picha hiyo pande zote mbili za lenzi, na asiyetaka kuipiga amekwisha kukujibu. Kuna pia wanaouza bidhaa za Meade na za Orion ya Marekani kwa bei kamili, tena pamoja na kadi ya dhamana, ilhali kampuni hizo zilifunga shughuli zake mwaka 2024. Lenzi zenyewe huenda ni nzima, ila hiyo kadi haina wa kuiheshimu, na bei inapaswa kupunguzwa kwa sababu hiyo.

Anayeagiza nje asitazame bei ya lenzi peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda na asilimia 16 Kenya, hutozwa juu ya jumla ya bei, usafirishaji, bima na ushuru, hivyo unalipia kodi hata nauli ya kifurushi. Kwa lenzi nyepesi moja moja, nauli inaweza kukaribia nusu ya bei. Ndiyo maana nawashauri wanaojuana mji mmoja waagize pamoja, lenzi tatu nne katika kifurushi kimoja, wakubaliane mapema nani atakifungua mbele ya wengine akiwa na tochi mkononi, na madai ya kasoro yatumwe siku hiyohiyo kabla muda wa kurudisha haujapita.