Rili ya Daiwa BG 5000 au ya Penn Spinfisher VI 6500? Nimevua kwa zote mbili

Rili ni kile kifaa cha fimbo ya kuvulia kinachokunja mshipi. Mwenye haraka achukue jibu kabisa: kama unavulia majabali ya Vuma, pwani ya Kilifi, wakati wa kusi, nunua Penn. Kama unavua kwa mashua siku za bahari shwari, au ndani ya mkono wa bahari pale Kilifi, Daiwa inatosha na utabaki na hela ya mshipi.

Ukisoma maboksi utaona hazipishani sana. Gia za Daiwa ni 5.7 kwa 1 (mpini ukizunguka mara moja, kichwa kinachokunja mshipi huzunguka mara 5.7), za Penn 5.6 kwa 1. Ukizungusha mpini mara moja, mshipi unarudi takriban mita. Zote bodi si ya plastiki, na kila moja inabeba zaidi ya mita 300 za mshipi wa kusuka wa ratili 40, yaani unaohimili mvuto wa ratili 40 kabla ya kukatika.

Zinapoachana ni kwenye maji ya chumvi. Spinfisher imezibwa kwa sili (mipira ya kuzuia maji), kiwango cha IPX5, maana yake inastahimili kurushiwa maji. Kuzamishwa ni habari nyingine, ingawa wauzaji wengi hukwambia "haiingii maji" kisha wakanyamaza. BG haina sili hizo. Pale Vuma, wimbi la kusi likishapiga mwamba, manyunyu yanakufikia huko huko juu, na jioni unakuta chumvi imeganda nyeupe kwenye kiungo cha mpini. Hapo ndipo pesa ya ziada ya Penn inapojilipa.

Uzito nao uufikirie. BG ina gramu 600 na kitu, Penn inavuka 700. Ukikaa na chambo kusubiri, hutajali. Ukirusha chambo bandia tangu alfajiri, bega litakwambia.

Kuhusu dragi, yaani breki inayoachia mshipi samaki anapovuta kwa nguvu, boksi la BG linasema kilo 10, la Penn zaidi ya 13. Usihangaike nazo. Mshipi wa ratili 40 ni kama kilo 18, na dragi huwekwa robo yake hivi au zaidi kidogo, yaani kilo 5. Mimi hujaza maji dumu la lita 5, nafunga mshipi moja kwa moja kutoka kwenye rili bila kupitisha fimboni, kisha nanyanyua. Spuli (kile kigunia cha mshipi kwenye rili) ianze kuzunguka dumu linapoacha ardhi, na dumu lishuke taratibu bila kushtuka. Kushtuka huko ndiko kunakokata mshipi kolekole anapochomoka kukimbilia mwambani. Zote mbili zinafaulu. Mkononi mwangu BG ni laini zaidi ikilegezwa, Penn inatulia zaidi ikikazwa.

Idadi ya beringi, zile gololi za kulainisha mzunguko, isikuzuzue. BG ina 6+1 (sita za kawaida na moja ya kuzuia kurudi nyuma), Penn 5+1. Jirani yangu alinunua rili ya bei poa iliyoandikwa 13+1, na kusi halijaisha mpini ukagoma kuzunguka.

Kuosha ni vilevile kwa zote: kaza dragi kwanza maji yasipenye kwenye washa zake (visahani vya ndani), mwagia maji yasiyo na chumvi polepole, usitumie mpira wa presha, kausha kivulini, ndipo uilegeze. BG huiongezea tone la mafuta kwenye mpini na kwenye kile kigurudumu kinachopitisha mshipi. Hicho kigurudumu ndicho huanza kukwama, basi kichunguze kila urudipo.