Kliniki ya methadoni kwa mwenye watoto: dawa safi, ratiba mtihani

Nawaandikia kina mama wenzangu tuliotoka kwenye unga wa heroini, maana wanaume wakiisifia methadoni, dawa tunayokunywa badala ya unga, habari za watoto huzisikii. Huduma ilianzia Muhimbili mwaka 2011, sasa iko hospitali kadhaa za serikali. Mimi nakunywa kwenye mojawapo hapa Dar, sitaitaja.

Dawa inafanya kazi, hilo sina ubishi. Zamani arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilikuwa inaniamsha alfajiri: kamasi, mifupa inauma, mtoto analia njaa na mimi nawaza kete ya unga. Sasa dozi moja inanishika hadi kesho yake. Nachemsha uji, namsuka binti yangu, anakaa ametulia kwa sababu na mimi nimetulia. Ukiona unasinzia sinzia mchana, mwambie daktari aiangalie dozi, usiogope. Mtoto wangu mdogo nilimnyonyesha nikiwa kwenye dozi, daktari ndiye aliyenishauri, ingawa mama mkwe alikuja juu kwamba namlisha mjukuu wake sumu.

Kasheshe ni asubuhi. Dirisha la dawa linafunguliwa saa zilezile watoto wanapotakiwa shule. Lazima unywe mbele ya nesi, halafu akuongeleshe ajue umemeza. Wangu huniuliza, "Mama Zuhura, watoto hawajambo?" huku macho yako mdomoni kwangu. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Ila pa kumweka mtoto hapapo: benchi, jua, foleni, na watu ambao wengine bado wanabwia. Wa kwangu namwacha kwa jirani. Na dawa ni bure, nauli je?

Baadaye nilipopata dozi za kwenda kunywea nyumbani nilipumua. Lakini jamani, dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto, na ile chupa ukiiona utadhani dawa ya kikohozi. Nimenunua tranka dogo la bati, lile la wanafunzi wa bweni, lina kufuli, liko juu ya kabati na ufunguo nauvaa shingoni. Usimwambie mtoto ni juisi ya mama hata kwa utani.

Nawapa nyota nne. Manesi wana heshima, hawatuiti mateja.

Ukienda kuandikishwa, mweleze afisa ustawi siku hiyohiyo kwamba una watoto na shule wanaingia saa ngapi. Mimi nilisema, nikaruhusiwa kunywa mwishoni, kabla tu dirisha halijafungwa. Wasiosema hupangwa pamoja na wengine wote.