Baa za New York: nenda kwenye zile zinazojua kukataa

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tuko New York, na mada ni baa. Ukitafuta kwenye simu utamwagiwa picha za baa za juu ya maghorofa, taa za zambarau, foleni ndefu ya watu waliovaa vizuri. Hizo leo nazipita. Majengo ya Manhattan yakiwaka usiku utayaona bila kulipa senti ukipanda feri ya Staten Island, na kule juu mara nyingi unalipia dirisha kuliko glasi.

Mimi natafuta baa yenye msimamo. Baa ambayo kuna jambo imelikataa, ikalikataa miaka na miaka, mpaka watu wakawa wanaifuata kwa sababu hiyohiyo. New York ina kila kitu, kila saa, kwa kila mtu. Katika mji wa namna hiyo, kukataa ni kazi ngumu, na anayeiweza namheshimu.

Twende East Village, mtaa wa East 7th, kwa McSorley's Old Ale House. Kibao kinasema 1854. Kuna watafiti wanaoubishia mwaka huo, ila hakuna anayebisha kwamba ni baa ya karne ya 19. Unakaa kwenye meza ya mbao iliyochanjwachanjwa majina, sakafuni vumbi la mbao, jiko la chuma la zamani pembeni. Menyu ya pombe usiingoje. Mhudumu atakuuliza swali moja tu: bia nyeupe au nyeusi? Basi. Hakuna wiski, hakuna divai, hakuna kokteli. Ukitaja moja, zinakuja magi mbili ndogo kwa mpigo, zina mapovu hadi juu.

Chukua nyeusi. Ina utamu wa mbali na uchungu kidogo mwishoni, kama ganda la mkate lililoungua. Agiza na sahani ya jibini: jibini, biskuti za chumvi, vitunguu vibichi, na haradali kali ya kupaka. Ile haradali inapanda puani, halafu bia inaituliza. Kwangu, hicho ndicho chakula bora cha baa katika mji wote, na ni vitu vinne tu kwenye sahani.

Sasa tazama juu. Juu ya kaunta kuna taa ya zamani imening'inizwa mifupa ya kidari cha bata mzinga, ile yenye umbo la V. Inasimuliwa kwamba vijana waliokuwa wanaenda Vita vya Kwanza vya Dunia waliitundika, na waliorudi waliiondoa. Iliyobaki ni ya wasiorudi. Kwa miongo mingi haikufutwa vumbi, hadi mwaka 2011, baada ya mkaguzi wa afya wa jiji kupita. Ukifika pale, mnyooshee mwenzako kidole, muonyeshe. Wengi wanakunywa chini ya taa ile bila kujua.

Lakini siwezi kuisifu baa hii nikaruka sehemu mbaya. Kwa zaidi ya karne moja McSorley's ilikataa wanawake. Wanaharakati wawili, Faith Seidenberg na Karen DeCrow, waliingia mwaka 1969, wakanyimwa huduma, wakaipeleka baa mahakama ya shirikisho, wakashinda mwaka 1970. Mwaka huohuo Meya John Lindsay akatia saini sheria ya jiji iliyopiga marufuku ubaguzi huo. Hata hivyo choo cha wanawake hakikuwekwa mpaka 1986. Miaka 16! Kuna watu wanaisimulia habari hii kwa kucheka, kama ukorofi wa mzee mpendwa. Mimi naona hivi: kukataa kuuza wiski kunaipa nyumba tabia. Kukataa mtu kunamnyima haki yake. Nenda ukanywe, ila uwakumbuke wale wawili, maana leo meza zile ni za wote. Na beba pesa taslimu.

Kutoka hapo tuhame kabisa daraja. Upper East Side, kwenye hoteli ya Carlyle, kuna Bemelmans Bar. Hii ni baa ya koti na viatu vilivyong'arishwa. Dari limepakwa rangi ya dhahabu, piano katikati, taa ndogo mezani, na kuta zote zimechorwa. Aliyezichora ni Ludwig Bemelmans, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, mwaka 1947. Hakudai pesa. Malipo yake yalikuwa kukaa hotelini na familia yake kwa mwaka mmoja na nusu. Akachora bustani ya Central Park katika majira yote manne, ila wanaotembea bustanini ni wanyama: sungura wapo pikiniki, tembo wanateleza kwenye barafu. Hoteli imebadilika mengi tangu hapo, kuta zimeachwa kama zilivyo.

Agiza martini. Inakuja kwenye glasi yake, na sehemu nyingine inaletwa kwenye chupa ndogo iliyozamishwa barafuni, ili nusu ya pili uinywe ikiwa baridi kama ya kwanza. Huo ni utaratibu wa watu wanaojali. Je, ni ghali? Ni ghali sana. Kokteli moja inapita dola 20 kwa mbali, na jioni muziki ukianza kuna kiingilio juu yake. Foleni nayo imekuwa ndefu siku hizi, kwa sababu vijana wameigundua. Ushauri wangu: nenda mapema jioni, kabla ya mpiga piano. Unapata meza, unazitazama kuta kwa nafasi, unakunywa glasi moja, unaondoka ukiwa umeridhika. Kama bajeti yako imebana, hii iache bila majuto. Uzuri wake unataka utulivu, na ukiwa unahesabu dola moja moja hutaupata.

Sasa baa ninayoipenda kuliko zote: Attaboy, namba 134 mtaa wa Eldridge, Lower East Side. Kwa nje hutaitambua. Mlango umefungwa, unapiga hodi, anatoka mtu anakwambia kama kuna nafasi. Ndani ni chumba chembamba, na hakuna menyu. Hakuna kabisa. Anakuja mhudumu wa baa, anakuuliza unapenda nini.

Hapa watu wengi wanashikwa na kigugumizi, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mwambie mambo matatu. Kwanza, pombe gani: jini, wiski, rami, tekila, au hutaki kileo. Pili, ladha: chachu, chungu, tamu, yenye viungo, yenye moshi. Tatu, unataka glasi ndefu ya kunywa polepole au fupi yenye nguvu. Kisha ongeza usichokipenda. Usiseme "nishangaze", kwa sababu umemnyima kila alichohitaji. Ukimpa hayo, ataleta kitu ambacho usingekichagua mwenyewe kwenye karatasi. Kisipokufaa, sema kwa heshima, atarekebisha.

Historia ya chumba kile ni nzito. Mwishoni mwa 1999 Sasha Petraske alifungua hapohapo baa iliyoitwa Milk & Honey, ndogo, bila bango, yenye kanuni za adabu zilizoandikwa, ikiwemo kwamba wanaume wasijitambulishe kwa wanawake wasiowajua. Wakati ule kokteli nyingi mjini zilikuwa juisi ya chupa na sukari. Yeye alishikilia ndimu iliyokamuliwa siku hiyohiyo, vipimo kamili kila glasi, na pande kubwa moja la barafu badala ya vipande vidogo. Barafu ndogo zinagusana na kinywaji kwa eneo kubwa, zinayeyuka haraka, dakika tano tu unakunywa maji. Pande kubwa linapoza bila kuharakisha. Leo baa nyingi nzuri duniani zinafanya hivyo. Petraske alifariki mwaka 2015. Attaboy inaendeshwa na wawili waliofanya kazi kwake, Sam Ross na Michael McIlroy. Mwaka 2005 Ross alibuni kokteli ya Penicillin: wiski ya Uskoti, limau, asali, tangawizi, na juu yake tone la wiski yenye moshi ya kisiwa cha Islay. Moshi unaufikia pua kabla ya asali kufika ulimini. Kama una kigugumizi bado, taja hiyo, utaheshimika. Attaboy ilishika nafasi ya kwanza Amerika Kaskazini kwenye orodha ya baa bora ya 50 Best ya mwaka 2022, na kwa maoni yangu ilistahili.

Kwa upande wa ushindi wa dunia, The Dead Rabbit, mtaa wa Water kule kusini mwa Manhattan, iliongoza orodha ya dunia mwaka 2016. Waliifungua watu wawili kutoka Belfast mwaka 2013. Kahawa yao yenye wiski ya Ireland ni nzuri mno. Ila ni baa inayotaka kumpa kila mtu kila kitu, na saa za kutoka kazini hamsikilizani. Nendeni mchana, mnywe kahawa ile, msonge mbele.

Wasiokunywa pombe, msidhani nimewasahau. Marie's Crisis, mtaa wa Grove, Greenwich Village, ni chumba cha chini ya ardhi chenye piano moja. Mpiga piano anapiga nyimbo za tamthilia za muziki za jukwaani tu, na baa nzima inaimba, wahudumu pamoja. Ukiomba wimbo wa redioni, hapigi. Nyumba iliyosimama mahali pale ndiyo alimofia Thomas Paine, mwandishi wa enzi za mapinduzi ya Marekani, mwaka 1809. Soda mkononi inatosha. Hujui maneno? Aliye pembeni yako anayajua yote, na anayatoa kwa moyo.

Mambo ya lazima, haraka haraka. Umri ni miaka 21, na pasipoti wanaitazama hata ukiwa na mvi. Bakshishi si hiari kama unavyodhani: dola moja kwa bia, asilimia 20 kwa kokteli, kwa sababu mshahara wa mhudumu unategemea hiyo. Sheria ya jimbo inaruhusu baa za jijini kuuza hadi saa kumi alfajiri.

Kama una usiku mmoja tu, anza McSorley's saa kumi jioni, kabla wanafunzi hawajajaa. Kula ile sahani. Halafu tembea kwa miguu kuelekea kusini hadi Eldridge, ufike mapema, upige hodi. Mkiwa zaidi ya wanne, gawanyikeni, maana chumba ni kidogo na kundi kubwa litaachwa nje. Treni za chini ya ardhi zinatembea usiku kucha, kwa hiyo kurudi hakutakusumbua.