Nafasi Niliyoilipia Kambini Akapewa Mtu Mwingine

Tulilipia mapema nafasi ya kuegesha gari-nyumba letu katika kambi moja ya mtu binafsi, kwenye jangwa la Arizona, kwa ajili ya soketi ya ampea 50 na si kingine. Katika joto la kiangazi la huko, betri za gari haziwezi kuendesha kiyoyozi cha paani usiku kucha, kwa hiyo anayelipia nafasi huwa analipia umeme. Tulifika jioni, ofisi ingali wazi, tukakuta gari la mtu mwingine kwenye namba yetu, waya wake mnene mweusi umechomekwa katika kisanduku kilekile tulichokilipia sisi.

Mhudumu wa mapokezi hakujisumbua hata kuinuka. Nilimwonyesha risiti kwenye simu, akaitupia jicho, akasema kwamba aliyewahi ndiye aliyepata, kana kwamba fedha zetu zilikuwa sadaka. Akatupatia kieneo cha changarawe nyuma ya mapipa ya taka, pasipo umeme wala bomba la maji, na nilipodai nirudishiwe malipo alinyoosha kidole kwenye tangazo la ukutani lililosema fedha hazirudishwi. Hata pole hakutoa, ilhali watoto wetu walikuwa wameloa jasho mle garini!

Tuliondoka usiku uleule, tukapanda hadi Msitu wa Kitaifa wa Coconino, karibu na Flagstaff, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako sehemu nyingi mtu huruhusiwa kukaa hadi siku 14 bila kuweka nafasi wala kulipa. Huduma hakuna, maji unakwenda nayo, na maji machafu unaondoka nayo tangini. Hata hivyo tulilala madirisha wazi, katika ubaridi wa misonobari, nami nikaapa kwamba sitaweka nafasi popote tena.

Kiapo hicho sasa kinanipa shida. Kambi ya Mather, pale Grand Canyon, hufungua nafasi zake kwenye Recreation.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuwekea nafasi, miezi 6 kabla, watu wakaziwahi, na mwenye gari refu anayekwenda kubahatisha wakati wa kiangazi aghalabu hukuta pamejaa. Huko nitaweka nafasi, tena mapema. Lakini ile kambi ya jangwani haijajibu barua zangu za kudai fedha hadi leo, na hata wakinialika bure, getini kwao siingii.